Kitambi cha Dar: uvivu, chipsi, au namna tunavyopima?

Kila takwimu za magonjwa yasiyoambukiza zinapotajwa, wakazi wa Dar es Salaam husomewa shitaka lile lile: hawafanyi mazoezi, wanaendekeza chipsi, hawapimi afya mpaka waanguke. Wanaowatetea nao wana jibu lao: mji ndio unaonenepesha watu. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri Chanika ili awahi kazini Posta, akarudi nyumbani saa tatu usiku, mazoezi atayafanya saa ngapi na chakula atakipikia wapi? Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba zote husimama juu ya takwimu ambazo wasemaji wengi hawajajiuliza zilipatikanaje.

Tuanze na hizo zinazotajwa zaidi. Utafiti wa STEPS, yaani ule unaofuata mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa kupima vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, wa mwaka 2012, uliofanyika kitaifa kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 26 wana uzito uliozidi, asilimia 25.9 presha ya juu, asilimia 9.1 sukari ya juu, na asilimia 97 hawafikishi kiwango cha matunda na mboga kinachopendekezwa kwa siku. Utafiti wa idadi ya watu na afya, ambao hupima wanawake wa miaka 15 hadi 49, uliwakuta wenye uzito uliozidi au kiribatumbo (unene wa kupindukia) wakiwa asilimia 18 mwaka 2004–05, 22 mwaka 2010, na 28 mwaka 2015–16. Hapo ndipo kosa la kwanza linapotokea. Mtu huchukua 26 ya utafiti mmoja na 28 ya utafiti mwingine, akatangaza kwamba unene umepanda kwa pointi mbili. Ya kwanza inachanganya wanaume na wanawake na haina vijana chini ya miaka 25. Ya pili ni wanawake watupu, na waliopita miaka 49, umri ambao wengi huwa wamekwisha nenepa, hawamo kabisa. Mwenendo halali ni ule wa 18, 22, 28, kwa sababu ni watu wa rika na jinsia ile ile. Na mwenendo huo hauhitaji kutiwa chumvi, unatisha wenyewe.

Kwa Dar peke yake kuna takwimu za zamani kidogo ambazo hazitajwi inavyostahili. Mwaka 1998–99 watafiti waliwapima wakazi zaidi ya 9,000 wa jiji hili wenye miaka 25 hadi 64. Wenye kiribatumbo, yaani uwiano wa uzito na urefu (kilo zikigawanywa kwa mita za urefu zilizozidishwa kwa zenyewe) wa 30 kwenda juu, walikuwa asilimia 6.9 ya wanaume na 17.4 ya wanawake. Presha ya juu ilikuwa asilimia 27.1 kwa wanaume na 30.2 kwa wanawake. Sigara: asilimia 22 ya wanaume, na 2.6 tu ya wanawake. Wakati huo hakukuwa na bodaboda, hakukuwa na simu ya kuagizia chakula, na mtu wa Mbagala alikuwa akitembea hasa. Kwa hiyo anayesema unene na presha vya Dar ni zao la maisha ya juzi juzi ana deni la kueleza takwimu hizo.

Sasa tuje kwenye shitaka la uvivu. Dodoso linalotumika katika STEPS kupima mazoezi halimuulizi mtu kama anakwenda gym. Linauliza kuhusu wiki ya kawaida, kwa mafungu matatu: kazi, safari na burudani. Kila dakika ya shughuli ya wastani, kama kutembea, huzidishwa kwa 4; ya nguvu, kama kulima au kupakia mizigo, kwa 8. Ukifikisha 600 kwa wiki umefaulu. Katika toleo lililotumika miaka hiyo, safari ya chini ya dakika 10 mfululizo haihesabiwi.

Mchukue mama anayetembea dakika 15 kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala, na dakika 15 kurudi, siku sita kwa wiki. Hizo ni dakika 180, mara 4 ni 720. Amefaulu bila kuvaa raba. Ukimwongezea ndoo za maji anazobeba ambazo bomba la mtaa halikuzifikisha ndani, amefaulu mara mbili. Ndiyo maana nchi zetu huonekana vizuri mno katika orodha za dunia: tathmini ya kimataifa ya takwimu za mwaka 2016 iliiweka Uganda chini kabisa kwa watu wasiojishughulisha, asilimia 5.5, wakati Kuwait ilikuwa asilimia 67. Kwa kipimo hicho, mkazi wa kawaida wa Dar si mvivu hata kidogo, na anayemwambia hivyo hakusoma dodoso.

Lakini ufaulu huo ni mwembamba. Yule mama akianza kupanda bodaboda asubuhi tu, kwa sababu anachelewa au mvua imefanya njia kuwa tope, anabaki na dakika 90 kwa wiki, sawa na 360. Amefeli, na hakuna tabia yoyote aliyoiamua kiafya; kilichobadilika ni usafiri. Akiwa na kituo dakika nane kutoka kwake, safari zake zote zinahesabiwa sifuri. Bodaboda na bajaji zimekula kipande kile kile cha mwendo kilichokuwa kinawabeba watu wengi juu ya mstari. Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, ulioanza kubeba abiria Mei 2016, kilomita 21.1 kati ya Kimara na Kivukoni na barabara za pembeni, ulikuja na njia za watembea kwa miguu. Hilo lilikuwa tendo la afya kuliko mabango mengi. Shida ni kipande cha kutoka kituoni hadi mlangoni, ambako njia ya miguu huwa haipo, au imekwisha kaliwa na meza za biashara na pikipiki zilizoegeshwa.

Watetezi wa mji wangependa tuishie hapo. Haitoshi. Nusu saa ya kutembea kwa mtu wa kilo 70 hutumia takriban kilokalori 120. Soda moja ya chupa ya mililita 350 ina takriban 140 hadi 150, na gramu 37 hivi za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25. Mwendo wote wa siku umefutwa na chupa moja iliyonywewa kibandani kabla daladala haijajaa. Ndiyo maana mtu anaweza kufaulu dodoso la mazoezi na bado mzani ukamkatalia. Majibu hayo mawili hayapingani. Moja linapima kinachotoka, jingine linapima kilichobaki.

Na chipsi? Zinalaumiwa kwa haki, ila si kwa sababu ya viazi. Angalia kazi inavyofanyika kibandani. Viazi hukaangwa mara ya kwanza hadi viive nusu, vinarundikwa kwenye kabati la vioo, kisha vinarudishwa kwenye mafuta mteja akiagiza. Viazi vingi vilivyopoa vikimwagwa kwa mkupuo juu ya jiko la mkaa, joto la mafuta huanguka. Mafuta yasiyo moto wa kutosha hayakaushi ganda la kiazi haraka, hivyo yanapenya ndani. Chipsi zinatoka zimelegea na kung'aa. Zikiwa za mayai, zinaingia kwenye kikaango kingine chenye mafuta yake, mayai mawili yanamiminwa juu. Sahani ya gramu 250 za chipsi pamoja na mayai hayo na mafuta ya kikaango hukaribia kilokalori 1,000, yaani kutembea kwa muda wa saa nne kwa yule yule wa kilo 70. Halafu chumvi hunyunyizwa wakati wa kutoa, mteja anaongeza yake kutoka kopo la mezani, na juu inakuja tomato ambayo nayo ina chumvi na sukari. Kiwango cha siku nzima ni chini ya gramu 5 za chumvi, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Kuomba chipsi zikaangwe kidogo kidogo mafuta yakiwa moto, na kopo la chumvi likae upande wa muuzaji, kungeleta nafuu kuliko kuhubiri watu waache chakula kinachopatikana saa nne usiku wakati mama lishe amekwisha funga.

Hata hivyo kibanda hakiwezi kubebeshwa kila kitu. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Chai ya vijiko vitatu, asubuhi na jioni, ni gramu 24, na hapo hujagusa andazi. Chumvi ya ugali wa nyumbani haiko kwenye ugali, iko kwenye mchuzi wa dagaa waliokwisha kaushwa na chumvi, kisha wakaungwa na nyingine pamoja na kiungo cha mchuzi cha paketi, ambacho sehemu yake kubwa ni chumvi. Hapo hakuna foleni ya barabarani wala halmashauri iliyoingilia. Ni mkono wa mpishi, na mkono huo unaweza kupungua kidogo kidogo, wiki kwa wiki, bila familia kulalamika.

Ile asilimia 97 ya wasiofikisha kiwango cha matunda na mboga ndiyo tunayoiamini nusu tu. Kiwango ni gramu 400 kwa siku, migao mitano ya gramu 80. Mlaji wa ugali na matembele hupimaje gramu zake, wakati mboga inapakuliwa kwenye sinia moja na watu watano? Kachumbari iliyopo kando ya nyama choma aliihesabu? Makosa ya kukumbuka ni makubwa hapa, na hasa katika mji unaokula mchicha kwa mazoea kiasi kwamba mtu hauoni kama jambo la kutaja. Pamoja na hayo, kosa la kukumbuka haliwezi kuigeuza 97 kuwa 50. Tunda kwa wakazi wengi bado ni kitu cha kununua ukiwa na chenji, na kipande cha tikiti cha barabarani hakifiki migao mitano.

Kuna jambo jingine ambalo wastani wa jiji huficha. Katika takwimu zile za 1998–99, unene ulipanda pamoja na kipato, wakati uvutaji wa sigara ulikuwa mwingi zaidi kwa wenye kipato kidogo. Ujumbe mmoja kwa wote, kwa hiyo, humkosa kila mmoja. Kampeni ya kitaifa ya mazoezi iliyozinduliwa Desemba 2016 na Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, ilitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Klabu za jogging zilikuwapo hata kabla ya hapo, na zinastahili heshima: ni za mtaani, hazina kiingilio kikubwa, watu hujuana na kufuatana. Ila siku moja kwa mwezi, hata ukikimbia saa nzima, ni dakika 60, mara 8 ni 480. Kigezo ni 600 kwa wiki. Kama hamasa, sawa; kama tiba ya takwimu, haigusi.

Tunapoona uzembe wa kweli ni kwenye presha, na uzembe huo haumhusu mkazi peke yake. Upimaji wenyewe kwanza. Mtu anatakiwa akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono uwe usawa wa moyo, asiwe amevuta sigara au kunywa kahawa katika nusu saa iliyopita, wala asiwe amebana mkojo. STEPS hupima mara tatu na kuchukua wastani wa mbili za mwisho. Linganisha na hema la kupimia bure viwanjani: mtu ametoka juani, amesimama foleni, anapimwa mara moja huku akiulizwa maswali, kwa mkanda wa saizi moja kwa wote. Mkono wenye mzunguko unaozidi sentimita 32 hivi ukifungwa mkanda wa kawaida, presha husomeka juu kuliko ilivyo, wakati mwingine kwa pointi 10 au zaidi. Katika mji wenye wanawake wanene wengi, mkanda mdogo peke yake unatengeneza wagonjwa. Takwimu za mahema ya aina hiyo zisiwekwe kwenye taarifa yoyote.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Utafiti uliofanyika Ilala na katika kijiji kimoja cha Kilimanjaro mwaka 1996–97 ulikuta kwamba katika kila watu 100 wenye presha ya juu, wasiofika 20 ndio waliojua, na waliokuwa wameidhibiti hawakufika hata mmoja. Na wale waliopimwa mwaka 1998–99 na kukutwa na presha kali walifuatiliwa: kwanza walipimwa tena siku nyingine, na kwa wengi ikashuka, jambo linaloonyesha kipimo kimoja kinavyodanganya. Waliobaki juu wakashauriwa kwenda kituo cha afya. Mwaka mmoja baadaye, theluthi moja hivi ndio walikuwa wamekwenda, na waliokuwa bado wanatumia dawa walihesabika kwa vidole. Kuwapima watu na kuwaachia karatasi ndicho kilichofanyika, na ndicho hema la viwanjani linachoendelea kufanya.

Presha haiumi, dawa ni za kila siku, na zahanati ya mtaa hufungwa kabla mtu wa Chanika hajarudi kutoka Posta. Zahanati ikifunguliwa jioni mara mbili kwa wiki, ikiwa na mashine yenye mikanda ya saizi mbili, ikatoa dawa za miezi miwili kwa mkupuo kwa mgonjwa ambaye presha yake imetulia, na daftari likaonyesha nani hakurudi ili apigiwe simu, hapo ndipo tungekuwa na haki ya kuuliza kwa nini wakazi hawafuatilii afya zao.