Kasi ya Kipanya Isibadilishwe Kila Wiki

Vijana wengi ninaocheza nao michezo ya kompyuta ya kulenga hapa Dar es Salaam, wakikosa shabaha mara tatu mfululizo, hukimbilia mipangilio ya kipanya na kuongeza au kupunguza kasi yake papo hapo. Nami nilikuwa na tabia hiyo kwa muda mrefu, na ninaamini kabisa kwamba ndiyo iliyonichelewesha. Mkono hukariri umbali. Hujua kwamba ili kugeuka nyuma ni lazima usogee kiasi fulani juu ya meza, na anayebadilisha kiasi hicho kila wiki anaulazimisha kuanza darasa la kwanza upya.

Jambo hili lilinikaa akilini nilipokuwa katika ukumbi mmoja wa gemu, Sinza. Nilikaa kwenye kompyuta niliyoizoea, nikageuka kumkabili adui, mara nikajikuta nautazama ukuta wa upande mwingine. Aliyenitangulia alikuwa amebonyeza kile kitufe kidogo kilicho nyuma ya gurudumu, kinachobadilisha DPI, yaani idadi ya hatua ambazo kipanya huhesabu kinaposogezwa inchi moja. Ilikuwa imetoka 800 ikawa 1600, na hakuna alama yoyote kwenye skrini iliyonijulisha, kwa hiyo muda niliolipia uliisha nikiulaumu mkono wangu.

Tangu siku hiyo natembea na rula ya shule. Naingia mchezoni, nasimama mbele ya alama ukutani, nasogeza kipanya taratibu kuelekea upande mmoja mpaka nizunguke duara zima na kuirudia alama ileile, kisha napima umbali ambao kipanya kimetembea. Rula yangu ni ya sentimita 30, hivyo hunibidi kuihamisha mara moja. Katika Counter-Strike, mchezo wa kulenga na kufyatua risasi, DPI 800 pamoja na kasi ya mchezo (yaani kasi ya kipanya inayowekwa ndani ya mchezo wenyewe) ya 1 huhitaji karibu sentimita 52 kwa duara zima. Mimi hutumia 1.25, nayo huhitaji kama sentimita 41.5. Anayetumia DPI 400 na kasi ya 2.5 atapata umbali uleule, kwa kuwa kinachohesabika ni zao la namba hizo mbili, na ndiyo maana mabishano ya vijiweni kuhusu DPI ipi ni bora, bila kutaja kasi ya mchezo, hayafiki popote.

Wenye kumbi ningewaomba jambo moja: katika Windows, ondoeni tiki kwenye kisanduku cha kuboresha usahihi wa kielekezi. Jina lake linavutia, lakini kazi yake ni kukifanya kielekezi kiende mbali zaidi kadiri mkono unavyosogea kwa haraka, hata kama umbali mezani ni uleule. Kwa kazi za ofisini hakina ubaya. Katika mchezo wa kulenga huvuruga kila kitu, isipokuwa pale mchezo unaposoma kipanya moja kwa moja bila kupitia mipangilio ya Windows, na si michezo yote, hasa ya zamani, inayofanya hivyo. Kuhusu mara ambazo kipanya hutoa taarifa kwa kompyuta, 1000 kwa sekunde ni nzuri kuliko 125, ila si hapo penye tatizo la wengi wetu.

Linalosahaulika zaidi ni meza yenyewe. Kipanya cha mwanga huyumba juu ya kioo kitupu, na kwa joto la Januari la jiji hili, jasho la kiganja na vumbi la barabarani hukifanya kitambaa cha kuwekea kipanya kishike kipanya mchana na kukiachia usiku baada ya kukauka. Mimi hukifua changu kila Jumapili kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nikakianika kivulini, na ninapokirudisha mezani napima tena. Namba zangu zimeandikwa kwa kalamu nyuma ya rula: 800, 1.25, 41.5. Sijazigusa tangu nilipoziandika.