Mbwa wa Kusini Anahitaji Mtihani Kabla ya Mbegu ya Kigeni

Kila msimu wa korosho unapofungwa na malipo kuingia, hapa Masasi husikika tena maongezi ya vijana wanaotaka kuagiza mtoto wa mbwa wa mawindo wa kigeni: wa Kijerumani mwenye manyoya mafupi na madoa ya kahawia, au Weimaraner wa rangi ya majivu, au Vizsla wa Hungaria. Nawaelewa, kwa sababu mbwa hao ni hodari kweli kweli kazini. Hata hivyo naamini kwamba fedha hiyo ingetufaa zaidi kama tungeitumia kuleta kile kilichowafanya mbwa hao wawe walivyo, yaani mtihani wa shambani, ambamo mbwa hupimwa kwa kazi yake ya mawindo, na kwa mtihani huo tukawapima mbwa tulio nao tayari kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu.

Historia ya mbwa wa kazi zote inafaa kujulikana na mkulima wa huku. Katika Uingereza ya karne ya 19, wenye maeneo makubwa ya mawindo waliweza kufuga mbwa wengi na kumpa kila mmoja kazi yake: huyu atafute ndege na kusimama akiwa amewaelekezea pua, yule awafurushe kichakani, mwingine atulie mpaka bunduki ilie ndipo aende kuokota. Shindano lao la kwanza la shambani linalokumbukwa lilifanyika Southill, Bedfordshire, mwaka 1865. Ujerumani mambo yalikwenda njia nyingine. Mapinduzi ya mwaka 1848 yaliwaondolea makabaila haki ya kuwinda katika ardhi za watu wengine, na uwindaji ukaingia mikononi mwa wenye mashamba na wakazi wa miji midogo, watu ambao uwezo wao ulikuwa wa kulisha mbwa mmoja. Mbwa huyo mmoja alipaswa kutafuta, kuonyesha windo lilipo kwa kusimama, kufuata nyayo za mnyama aliyejeruhiwa, kuingia majini na kuleta. Baroni Sigismund von Zedlitz und Neukirch, aliyeandika kwa jina la Hegewald, aliutetea kwa nguvu msimamo kwamba mbwa athaminiwe kwa kazi yake kabla ya sura yake, na baadhi ya vyama vya wafugaji vikaweka sharti kwamba mbwa asiyefaulu mitihani asizalishwe. Mbwa anayetamaniwa leo na kijana wa Masasi ni tunda la sharti hilo.

Sasa mtazame mfugaji wa Liwale au Tandahimba. Naye ana mbwa mmoja au wawili, na kazi anazowapa ni nyingi. Usiku mbwa analinda nyumba. Mihogo na mahindi vinapokomaa, analala chini ya dungu na kumwamsha mlinzi nguruwe pori wanapoingia shambani, na mchana huwafukuza nyani na ngedere. Kiangazi, anafuatana na vijana wanaochimba panya na kusaka ndezi kwenye nyasi za mabondeni. Huyu ni mbwa wa kazi zote kwa maana kamili, isipokuwa hakuna aliyewahi kumpima, na kwa kuwa hapimwi, watoto wake wanazaliwa kwa bahati tu. Jike hodari wa kijiji anapandwa na dume yeyote aliyepita njiani, na hodari mwenyewe akifa, sifa zake zinabaki katika masimulizi.

Kuhusu mbwa wa kigeni nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wenye kuwauza wamekwisha kuwasifu vya kutosha. Mbung'o wa maeneo ya Liwale huambukiza mbwa nagana, ugonjwa ambao mara nyingi hutia ukungu wa bluu machoni na kuua upesi mbwa asiyetibiwa. Kupe nao wana magonjwa yao, na joto la Lindi saa nne asubuhi linatosha kumwangusha mbwa aliyezoea baridi, maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Mbwa wetu wameishi na mambo haya kwa vizazi. Haki inanitaka niseme pia kwamba ile tabia ya kusimama kimya mbele ya ndege aliyejificha ni ya kurithi, na mbwa wa kienyeji kwa kawaida hanayo. Anayetaka hasa mbwa wa kumwonyesha kwale waliojibana kwenye nyasi hatampata kwa kumfundisha mbwa wa kijijini. Lakini kanga, ambao ndio ndege wanaozungumzwa zaidi huku, hupendelea kukimbia kwa miguu, na hata mbwa wa kuonyesha aliye bora hupata shida nao.

Mtihani ninaoutaka kuliko yote ni wa mburuzo. Katika mitihani ya vuli ya Ujerumani, mtu huchukua ndege au sungura aliyekwisha kufa, humfunga kamba, na kumburuza ardhini akielekea upande ambao upepo unavuma, umbali wa mita 150 kwa ndege na mita 300 kwa mnyama mwenye manyoya, naye hukata kona njiani. Mwishoni humweka windo chini, kisha husogea mbele na kujificha. Mwenye mbwa hakuona mburuzo ulikopita. Huonyeshwa mahali ulipoanza, huruhusiwa kwenda na mbwa wake kwenye kamba kwa mita 20 za mwanzo, kisha humwachia na kusimama. Kuanzia hapo mbwa yuko peke yake. Anafuata harufu, anapotea kwenye kona, anarudi, anaipata tena, na hatimaye anafika kwenye windo akiwa haonekani na bwana wake, huku mwamuzi aliyejificha akitazama atafanya nini.

Hapo ndipo mbwa hujulikana. Mmoja hunusa na kuondoka. Mwingine hulala chini na kuanza kula. Mwingine huchimba shimo na kulifukia windo ili aje alile baadaye, na kwa Wajerumani hawa wawili wa mwisho hawafaulu, hata kama katika mengine yote walikuwa wa kwanza. Anayetakiwa ni yule anayelikamata katikati, bila kulitafuna, akalibeba kwa njia ileile hadi mkononi mwa bwana wake.

Naupenda mtihani huu kwa sababu unauliza swali ambalo watu wa pwani yetu wamelijua kwa karne nyingi. Aya ya 4 ya Sura Al-Maida inahalalisha alichokamata mnyama wa mawindo aliyefundishwa, na katika hadithi mashuhuri ya Adi bin Hatim, Mtume alimweleza kwamba mbwa akila sehemu ya windo, mwindaji asile, kwa kuwa huenda mbwa huyo amejikamatia mwenyewe. Kinachotazamwa kote kuwili ni kimoja, yaani kama mbwa anakamata kwa ajili ya aliyemtuma au kwa ajili ya tumbo lake. Kwa hiyo, mtu anaponiambia kwamba kupima mbwa ni mchezo wa Wazungu usiotuhusu, namwomba atazame namna masheikh wa Kilwa na Mikindani walivyoisomesha aya hiyo muda mrefu kabla hapajakuwa na chama cha wafugaji wa mbwa Ulaya. Najua pia uzito wa suala la mate ya mbwa katika madhehebu ya Shafii, na kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, ni hukumu inayojulikana. Kufuga mbwa wa mawindo, wa mifugo au wa shamba kumeruhusiwa katika hadithi, na ruhusa hiyo inamhusu mkulima wa huku moja kwa moja.

Mbwa hafiki kwenye mburuzo kwa kupigwa. Jambo hili linaniuma, kwa sababu ndilo linaloharibu mbwa wengi wazuri wa huku kabla hawajatimiza mwaka. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu anakimbia na kandambili mdomoni, au na kifaranga, na wenye nyumba wanamfukuza kwa fimbo. Siku hiyo anajifunza mambo mawili: kwamba kitu akikibeba kitamletea maumivu, na kwamba binadamu akija inampasa akimbie au ameze upesi. Miaka miwili baadaye bwana wake analalamika kwamba mbwa anakula ndezi kichakani. Afadhali mwenye mbwa achuchumae, ageuze uso pembeni, amwite kwa sauti ya upole, amwache aje na kandambili yake, ampapase kidogo kabla ya kuipokea, kisha ampe kipande cha ugali au dagaa. Mafunzo yafanyike kando ya ukuta au kwenye uchochoro mwembamba ambako mtoto hana njia nyingine ya kupita ila kurudi kwa bwana wake. Kitu cha kurushia kiwe laini, kama kifurushi cha turubai kilichojazwa sufi, kirushwe mara tatu au nne na kufichwa, maana akichoka nacho leo hatakitaka kesho.

Baada ya hapo ndipo huja utulivu, na hapa nakubaliana kabisa na walimu wa Ulaya na Marekani. Mbwa afundishwe kusimama kwa neno moja au mlio mmoja wa filimbi, akiwa kwenye kamba ndefu, kitu kinarushwa mbele yake naye anangoja mpaka atumwe. Vijijini kwetu mbwa husifiwa kwa mbio na ukali, na ndiyo maana katika msako wa ndezi mbwa watano humrukia mnyama mmoja, wakamrarua, na mara nyingi wakaumizana. Mbwa anayengoja hufika akiwa na akili yake timamu. Hukumbuka kitu kilipoanguka, na huwa salama palipo na mapanga na mikuki. Kama ni mbwa wa mlinzi mwenye bunduki, mlio uanzie mbali, wakati anakula, na usogezwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kumfyatulia sikioni ili azoee ni kumfanya aogope maisha yake yote.

Kuhusu alama, tuna mfano wa kuanzia. NAVHDA, chama cha mbwa wa mawindo wa kazi zote cha Amerika Kaskazini kilichoanzishwa mwaka 1969, humpima kila mbwa kwa kipimo kilichowekwa, bila kumshindanisha na mwenzake, hivyo siku moja mbwa wote wanaweza kufaulu au wote wakashindwa. Katika mtihani wake wa vipaji, unaowahusu mbwa wasiozidi miezi 16, mambo saba hupewa alama kuanzia 0 hadi 4, kisha kila alama huzidishwa kwa uzito wa jambo lenyewe: pua ina uzito wa 6, kufuata nyayo 2, ushirikiano 2, na jumla ya juu kabisa ni 112. Mpango huo wa kutoshindanisha tuuchukue wote, kwa sababu shindano lenye zawadi ya fedha litaleta kamari, na kamari italeta fimbo. Uzito tuubadilishe. Kwetu kufuata nyayo na ushirikiano vistahili 6 kila kimoja, maana mbwa wa dungu na wa ndezi anaishi kwa mambo hayo mawili, na nafasi ya kuonyesha ndege iachwe tupu kwa mbwa asiye na urithi huo pasipo kumpunguzia kitu.

Sheria nayo haizuii jambo hili, ikiwa litafanywa kwa uangalifu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kutumia mbwa kuwindia bila idhini ya maandishi, nami naona katazo hilo ni la haki, kwa sababu kundi la mbwa wasiofundishwa humaliza kila kitu porini, hata mnyama mwenye mimba. Mburuzo hauhitaji mnyama wa porini hata mmoja. Kanga wawili au watatu wa kufugwa, waliochinjwa kwa kazi hiyo, wanatosha asubuhi nzima, na hakuna anayebeba bunduki. Mtihani wa maji unahitaji kifurushi cha turubai na lambo la kijiji. Ruvuma na Lukuledi tusifikirie kabisa, kwa sababu ya mamba.

Wakati mzuri ni Juni na Julai, mavuno yakiwa yamekwisha, nyasi zikiwa bado zimesimama kabla ya moto wa kiangazi, na umande wa alfajiri ukiwa bado unashika harufu ardhini. Kazi ianze mapambazuko na ifungwe kabla ya saa tatu. Sharti la kwanza la kuingia liwe kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Katika miaka ya 2010 Lindi na Mtwara zilikuwa miongoni mwa mikoa ya mradi mkubwa wa kuchanja mbwa kusini mashariki mwa nchi, ambao lengo lake lilikuwa kufikia asilimia 70 ya mbwa wote, na watu wa vijijini waliwapeleka mbwa wao kwa wingi kwa kamba za katani na za baiskeli. Watu hao hao watakuja kwenye mtihani pia wakiambiwa mapema, na afisa mifugo akiwapo na chanjo siku hiyo, waliochelewa watachanjia hapo hapo, ingawa mbwa wao wangoje mwaka unaofuata kupimwa.

Waamuzi wawe watatu, mmoja akae mwisho wa mburuzo, na matokeo ya kila mbwa yaandikwe kwenye daftari linalobaki ofisi ya kijiji, pamoja na jina la mwenye mbwa, rangi ya mbwa na mama yake kama anajulikana. Mwenye jike atakayetaka dume mwaka utakaofuata aende akalisome daftari hilo kwanza.