Mteremko Unalipa Stima

Aliyemnong'oneza mhasibu wetu kwamba gari la gofu likiteremka linajitengenezea stima, dhambi zake nazibeba mimi. Tangu siku ile chaja imekuwa anasa. Naichomeka, naenda zangu kunywa kahawa, nikirudi naikuta imechomolewa na waya wake umekunjwa vizuri juu ya rafu. "Dereva, kwani mteremko umeenda wapi?" Mteremko upo, yakhe. Na mlima pia upo, ndio huohuo, ila wa kupanda haumo katika vitabu vyake.

Hoteli yenyewe iko pwani ya kaskazini, baina ya Nyali na Mtwapa, na hapo nanyamaza nisije nikakosa mshahara. Mapokezi yako juu karibu na barabara, vyumba na bahari viko chini. Kazi yangu ni kuteremsha wageni na masanduku, na masanduku ya siku hizi utadhani mtu amehama na jiko lake. Mhasibu akiona sanduku kubwa hutabasamu. Kwake yeye uzito ni stima.

Hebu nikueleze, nawe usije ukadanganywa. Mota ukiipa stima inazungusha magurudumu. Ukiachia mafuta (twasema mafuta, ingawa tone halimo), magurudumu yakawa ndiyo yanayoizungusha mota, basi mota hugeuka jenereta. Stima inarudi kwenye betri, na kazi hiyo ya kuzalisha ndiyo inayolizuia gari lisikimbie. Ni breki na ni chaja kwa mpigo mmoja. Kitu kizuri, sikatai. Lakini kizuri kiasi gani? Nina mpwa wangu anasomea umeme chuoni, nikampigia simu. Gari na watu wake tuseme kilo 800, kutoka juu hadi chini tuseme mita 10. Akapiga hesabu: wati-saa 22, na hapo msuguano na joto hazijachukua zao. Betri zangu ni sita, kila moja volti 8, zimeungwa kwa kufuatana zikafika 48, ampea-saa 170. Jumla zabeba zaidi ya wati-saa 8,000. Kuzijaza kwa mteremko mtupu yataka kuteremka zaidi ya mara 360, na kila mara malaika anirudishe juu bure.

Nikamwandikia mhasibu hesabu yote kwa karatasi. Akaisoma mpaka mwisho, akaweka kidole penye 360.

"Kumbe yawezekana," akasema.

Basi tukawa hivyo, na breki yenyewe nayo ikaanza visa. Asubuhi, siku nilizobahatika kuilinda chaja, naondoka na wageni, naachia mafuta nikingoja mota ishike, haishiki. Gari laserereka! Wageni wanapiga vigelegele wakidhani ni sehemu ya likizo waliyolipia. Mimi mguu wote uko kwenye breki ya kawaida, ile ya magurudumu ya nyuma, na naisikia harufu yake ikiungua. Jioni betri zikishalegea, mota inashika kwa adabu kabisa. Ila sasa kupanda hakuwezekani. Linapanda likipunguza, likipunguza, penye mbuyu linasimama. Watu waliokuja kupumzika wanashuka wakasukuma.

Sasa mji huu wa Mombasa kila mtu ni fundi. Waliniletea wa tuktuk kutoka Kongowea, akalala chali chini ya gari muda mrefu hata nikadhani amepitiwa na usingizi. Akatoka akajipangusa. "Hii ni plagi." Nikamwambia bwana, hili la stima halina plagi ya kuwashia petroli. Akafikiri. "Basi ndiyo sababu."

Fundi wa mafriji akashauri tubadilishe kontrola. Kontrola ni ubongo wa gari, na bei yake ni ya ubongo, kwa hiyo mhasibu hakulitaka hata neno hilo lirudiwe. Askari wa usiku alikuwa na maelezo yake. Aliambiwa alisukume gari mpaka bandani. Chini ya kiti kuna swichi, upande mmoja kuendesha, upande wa pili kukokota, naye hakuigusa. Magari ya aina hii ukiyasukuma yakiwa upande wa kuendesha, kontrola huamka ikayashika na kupiga mlio. Mzee anasukuma, gari lamgomea na kupiga filimbi gizani, saa nane za usiku. Asubuhi akaniita kando. "Mwanangu, gari hili lina wenyewe."

Pole pole, mimi na mpwa wangu tukaanza na vya bure. Tukaweka swichi kwenye kukokota, tukafunua kiti. Subhanallah. Vichwa vya betri vimeota ukoga wa kijani na mweupe. Upepo wa bahari hauchagui, unakula mabati na unakula nyaya. Tukavisugua kwa brashi na maji ya magadi, tukakaza nati, tukapaka grisi. Tukafuata waya wa sensa ya mwendo, ule unaoingia nyuma ya mota, kwani panya wakiutafuna kontrola haijui gari linakwenda kasi gani, na breki ya mota inapotea au inashika kwa kushtukiza. Waya mzima. Tukafungua vifuniko vya maji, na hapo nikakumbuka kauli ya mhasibu kwamba maji ya betri ni wizi, tutumie yanayobaki kwenye chupa za wageni, "hayo yana madini." Naam, yana madini, na madini ndiyo yanayoua betri. Tukanunua maji ya betri yenyewe kwa pesa zangu, tukajaza baada ya kuchaji, kwa sababu ukijaza kabla, maji yakipata joto yanapanda na asidi inamwagika juu ya kila kitu.

Kisha mita. Moja moja, gari limetulia: 8.4, 8.4, 8.3, zote nzuri. Mhasibu alikuwa amesimama nyuma yetu, akafurahi mno. Lakini betri iliyopumzika ni kama mzee aliyeketi barazani, atakwambia ana nguvu za kusogeza meli. Mpe gunia kwanza. Tukalipandisha gari mlimani, mpwa ameinama nyuma na nyaya za mita, akihama kutoka betri moja hadi nyingine huku mimi nimekanyaga mafuta hadi mwisho. Tano zikashuka kidogo tu, zikakaa 7 na ushee. Ya nne ikaporomoka hadi 5.

Tukarudi juu, tukashikisha mita kwenye zote sita kwa pamoja, tukateremka. Volti zikaruka kutoka 50 zikielekea 60 kabla hatujafika penye mbuyu, mara kontrola ikaachia, gari huru, mpwa wangu akapiga shahada.

Ugonjwa ni mmoja! Betri zisizojazwa mpaka mwisho, leo zimechomolewa nusu, kesho robo, bamba zake za madini ya risasi hufanya salfeti, yaani ukoko mgumu, na salfeti inaziba njia. Stima ikitoka, volti zinaporomoka, ndiyo gari linakufa mlimani. Stima ikirudi haina pa kupita, volti zinapaa, kontrola inaogopa kuunguza vitu, inakata. Na ikikata kurudisha stima, breki ya mota nayo imekwenda. Asubuhi betri zimejaa ndio vibaya zaidi, hata hiyo nafasi ndogo haipo. Mkono unaochomoa chaja ndio ule ule unaotuserereshea wageni baharini.

Nikamweleza mhasibu hayo yote. Akasikiliza vizuri, sikumsingizii, hata kalamu alishika.

"Kwa hiyo mbovu ni moja."

"Ya nne ndiyo imekufa, bosi. Hizo tano nazo zimechoka, ni za umri mmoja."

"Lakini mbovu ni moja."

Nikamwambia zimeungwa kwa kufuatana, stima ile ile inapita zote. Mpya moja katikati ya kongwe tano itaburutwa; kongwe zitadanganya chaja kwamba kazi imekwisha, mpya haitashiba, na miezi si mingi itakuwa kongwe ya sita. Akaniambia mpya itazitia moyo zile nyingine. Ikaja moja, ikawekwa, nikapewa risiti nitie sahihi.

Gari sasa linavuka mbuyu kidogo, hatua kadhaa mbele, linasimama penye mnazi. Wiki hii pale mlimani kumewekwa kibao kilichochorwa majani ya kijani: wageni wapendwa, kwa ajili ya kulinda mazingira, tunawaomba mpande kwa miguu. Wameupenda sana mpango huo. Mzungu mmoja aliguswa hata akaacha bakshishi nono mapokezi, kwa aliyebuni wazo.