Contra Imerudi kwa Kupakuliwa, Mpira wa Mabandani Umeachwa Nje

Ijumaa iliyopita baada ya Asri nilikuwa Kisauni kwa kaka yangu. Mwanawe wa miaka 13 akanishika mkono, akanivuta hadi mbele ya televisheni. "Ami, njoo uone. Si hii ndiyo mliyokuwa mkigombania?" Ilikuwa Contra, gemu ya video ya utotoni mwetu. Wale askari wawili, mmoja wa suruali ya buluu na mwenziwe wa nyekundu, wakiruka juu ya daraja linalolipuka chini ya miguu yao. Vidole vyangu vikakumbuka kabla ya akili: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Siri hiyo ya vitufe ilikuwa ikitupa maisha 30.

Ameipata kwa kupakua, ndani ya mkusanyiko ambao kampuni ya Konami, wenye gemu hiyo, waliutoa Juni 2019 kwa mashine za kisasa, kwa dola 19.99 wakati ule. Humo mna Contra kadhaa, pamoja na Probotector, sura ya gemu hiyo waliyouziwa watu wa Ulaya, ambamo askari wamegeuzwa maroboti. Nilikaa naye hadi Magharibi tukicheza. Njiani nikirudi kisiwani nilianza kuzipima hoja mbili ninazozisikia kwa watu wa rika langu. Kuna wanaosema kupakua ndiko kutakakoziokoa gemu za kale. Kuna wanaosema tunauziwa mara ya pili kitu kile kile, na safari hii hata hatukabidhiwi mkononi. Mimi nina upande wangu, ila hoja zote mbili zina uzito na sitaki kuidharau hata moja.

Nianze na wanaosifu. Aliyekulia Mombasa anajua hewa yetu inavyofanya kazi. Chumvi ya bahari haichagui: inakula mabati, inakula baiskeli, na ilikula kaseti zetu za TV gemu. Meno yake ya shaba yalikuwa yakiota ukungu wa kijani, nasi tukipuliza kwa pumzi yenye unyevu, tukidhani tunasafisha. Mashine zenyewe zilikuwa za kuigiza, nakala za Famicom, mashine ambayo kampuni ya Nintendo waliitoa Japani Julai 1983, na katika kaseti zile za nakala waliotunga gemu hawakuona hata senti. Leo mwana wa kaka yangu analipa, wenye gemu wanapata haki yao, na anachokicheza hakishiki kutu. Tena ni chepesi ajabu. Super Mario Bros. ya mwaka 1985, dunia zake zote nane, ilikaa ndani ya kilobaiti 40. Picha moja ya harusi unayotumiwa kwa WhatsApp ni kubwa kuliko hiyo. Kwa sisi tunaonunua data kwa bando, hilo si jambo dogo.

Kupakua pia kumewafikishia watu gemu ambazo hazikuwahi kuwafikia. EarthBound haikuuzwa rasmi Ulaya hadi ilipotiwa katika duka la Wii U, mashine ya Nintendo, mwaka 2013. Trials of Mana ilitoka Japani mwaka 1995 na ikangoja hadi 2019 kutafsiriwa rasmi kwa Kiingereza, miaka 24. Na wapo wanaoifanya kazi hii kwa heshima kubwa. Atari 50, iliyotolewa na Digital Eclipse mwaka 2022, imezipanga gemu za kampuni ya Atari kama maonyesho ya makumbusho, na mahojiano ya waliozitengeneza na michoro yao ya awali. Ukimaliza unaijua historia, hata zile gemu usizozipenda.

Sasa upande wa pili. Neno "nunua" katika maduka haya limebeba maana ndogo kuliko tuliyoizoea Marikiti. Ukinunua kitambaa ni chako. Ukinunua gemu ya kupakua umepewa ruhusa ya kuitumia. Jimbo la California limetunga sheria, ikaanza kufanya kazi Januari 2025, inayowataka wauzaji wamwambie mnunuzi hilo waziwazi. Duka la Wii, ambalo tangu 2006 lilikuwa likiuza gemu za zamani kwa jina la Virtual Console, lilifungwa Januari 2019. Maduka ya mashine zao za 3DS na Wii U yakafuata Machi 2023. Aliyekwisha kununua huko hawezi kuhamishia gemu zake kwenye Switch, mashine iliyofuata, kama mali yake. Huko Nintendo wanazikodisha kwa mwaka, dola 19.99 tangu 2018, na kiwango cha juu cha dola 49.99 tangu Oktoba 2021. Ukiacha kulipa, mlango unafungwa. Kisha kuna lile la Super Mario 3D All-Stars, mkusanyiko wa gemu za zamani za Mario: iliuzwa kuanzia Septemba 2020 na kuondolewa dukani mwisho wa Machi 2021, kwa makusudi, ingawa faili ya kupakua haiwezi kuisha ghalani.

Nasi wa hapa tuna kero yetu ya ziada. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa mwaka 2009, zikabadilisha intaneti ya nchi nzima. Lakini ukitaka kufungua akaunti ya PlayStation, Kenya haimo katika orodha ya nchi. Mwana wa kaka yangu, aliyezaliwa Mombasa na asiyewahi kuvuka mpaka, kwa mujibu wa akaunti yake ni mkazi wa Afrika Kusini. Masharti ya akaunti yanataka useme nchi unayoishi kweli, kwa hiyo mtoto anaanza kwa uongo ili aweze kulipa kihalali. Mimi mwenyewe niliwahi kununua kadi ya kujazia pesa katika duka moja la mjini, nikafika nyumbani nikakuta ni ya eneo jingine. Haikukubali, na pesa haikurudi. Mtu anayetaka kulipa asiwekewe vikwazo kumshinda anayeiba.

Hata hivyo kero hizo, kwa maoni yangu, zinaweza kutatuliwa na kampuni ikitaka. Linaloniumiza hasa ni jingine.

Nikiulizwa sisi wa Kibokoni na Majengo tulicheza nini miaka ile ya PS2 (PlayStation ya pili), sitajibu Mario wala Contra. Tulicheza mpira. Bandani kwetu, mahali pa kulipia kucheza gemu, kulikuwa na televisheni mbili, benchi la mbao, na daftari la mwenye banda. Shilingi 10 mechi, aliyefungwa anainuka, aliyeshinda anabaki. Diski ya Winning Eleven, gemu ya mpira, tuliyokuwa nayo ilikuwa ya Kijapani, hakuna aliyejua kuisoma, na kila mtu aliijua menyu kwa mahali pa kubonyeza. Palikuwa na mtoto wa miaka minane aliyeweza kubadilisha mfumo wa timu kutoka 4-4-2 hadi 3-5-2 bila kuelewa herufi hata moja. Waliokuwa hawasalimiani mitaani walikaa benchi moja pale, magoti yakigusana. Kwa mji wetu, ile ndiyo gemu ya kale. Ndiyo inayostahili kurudi.

Na ndiyo isiyoweza kurudi. Gemu ya mpira imejengwa kwa vitu vya kuazima: majina ya wachezaji, nembo za klabu, ligi, jezi, sauti za watangazaji, nyimbo za menyu. Kila kimoja kina mwenyewe, na kila ruhusa ina mwisho wake. Mkataba ukiisha, kampuni haina haki ya kuuza tena kazi yake yenyewe mpaka izungumze upya na wote hao, ambao baadhi yao wamestaafu na klabu nyingine zimebadilisha wamiliki. Ushirikiano wa kampuni ya gemu ya EA na FIFA ulipomalizika, gemu ya FIFA 23 na zilizoitangulia ziliondolewa katika maduka ya kupakua mwaka 2023. Zile zilikuwa bado mpya. Ya mwaka 2005 itarudije?

Muziki nao una hadithi hiyo hiyo. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004, ambayo bandani ilikuwa ikichezwa mpira ukichosha, ilipunguziwa nyimbo kadhaa katika nakala ya kompyuta mwaka 2014 kwa sababu leseni zilikuwa zimekwisha. Novemba 2021 Rockstar, walioitengeneza, wakaitoa upya pamoja na gemu nyingine mbili za mfululizo huo, ikiwa na kasoro nyingi, huku zile za asili wakiziondoa sokoni. Wachezaji wakapiga kelele. Kampuni ikaomba radhi na kuzirudisha za asili kwa watumiaji wa kompyuta. Kelele zile zilifaa, na ninaikumbuka siku ile kwa furaha.

Kwa hiyo kupakua kunaokoa kile kinachoruhusika kuuzwa, na hicho si kingi. Julai 2023 wakfu wa Video Game History Foundation, pamoja na Software Preservation Network, walichapisha utafiti wao: katika gemu zilizotolewa Marekani kabla ya 2010, asilimia 87 hazipatikani tena sokoni. Waliomba maktaba ziruhusiwe kuwafungulia watafiti gemu hizo wakiwa mbali. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa. Wenye gemu walihofu kuwa soko lao la matoleo mapya ya zamani lingeharibika. Hofu hiyo naielewa kwa Contra, inayouzwa. Kwa ile isiyouzwa na isiyoweza kuuzwa, sioni ni soko gani linaloharibika.

Hata kinachorudi hakirudi chote. Bunduki ya gemu ya Duck Hunt, ambayo TV gemu nyingi zilikuja na mfano wake, ilifanya kazi kwa kusoma mwanga wa televisheni ile ya kioo kinene. Kwenye skrini bapa haioni kitu. Nintendo walipoirudisha Duck Hunt kwenye Wii U Desemba 2014, iliwabidi wachezaji waelekeze rimoti ya Wii badala yake. Sony nao waliuza PlayStation Classic Desemba 2018, na baadhi ya gemu zake zilikuwa nakala za Ulaya zinazokwenda picha 50 kwa sekunde badala ya 60. Wapenzi walikasirika. Nami nilijikuta nikiwaza: televisheni zetu Kenya zilikuwa za mfumo wa PAL kama za Ulaya, basi kwa aliyekuwa na mashine na diski za PAL, ule mwendo wa polepole ndio aliokua nao.

Hapo ndipo linapokuja swali la nakala zisizo rasmi. Mjini hapa utauziwa kisanduku kidogo chenye maelfu ya gemu. Emuleta yenyewe, yaani programu inayoiga mashine ya gemu, si kosa. Mahakama ya rufani Marekani ilisema hivyo mwaka 2000 katika kesi ya Sony na Connectix. Gemu zilizojazwa ndani bila idhini ndizo kosa, na kwetu Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inazihesabu programu za kompyuta pamoja na kazi za fasihi. Nintendo hawana mzaha: waliotengeneza Yuzu, emuleta ya Switch, walikubali kulipa dola milioni 2.4 mwaka 2024. Siwezi kumtetea anayeuza kisanduku chenye Contra huku Contra iko dukani. Ila anayeinakili diski yake ya mpira kabla haijaoza, sitamwita mwizi, hata sheria ikiwa na mashaka naye.

Mji huu unalijua jambo hili vizuri. Muyaka bin Haji, bingwa wetu wa Mvita, alifariki karibu mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki kwa sababu watu waliyashika vichwani, na Mwalimu Sikujua akayakusanya na kuyafafanua, mmishenari Mwingereza W. E. Taylor naye akayaandika, mwishoni mwa karne ile. Nakala hizo leo ziko London. Wangengoja aje mwenye haki ya kuyauza, tungebaki na jina tu. Na kampuni za gemu si watunzaji wa kuaminika kuliko vichwa vile: Silent Hill HD Collection ya mwaka 2012 ilitoka na kasoro kwa sababu Konami hawakuwa na msimbo kamili (maandishi ya programu) wa gemu zao wenyewe.

Basi upande wangu ni huu. Mkusanyiko unaolipiwa mara moja, uliofanywa kwa uangalifu, nanunua na nawahimiza vijana wanunue. Wa kukodi kwa mwaka naungoja. Diski na mashine za zamani asitupe mtu, wala asimpe muuza vyuma chakavu. Na ningependa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na Makumbusho ya Taifa wakae chini walizungumze suala la gemu zisizouzwa tena, ili mtu wa maktaba au makumbusho aweze kuzihifadhi bila woga.

Nyumbani nina sanduku la bati. Ndani mna memori kadi ya PS2, megabaiti 8, yenye ligi tuliyoianza mwaka 2006 tukiwa watu watano wa Kibokoni. Msimu wa tatu haujaisha. Wawili wako Ughaibuni, mmoja ametangulia mbele ya haki, na jina lake bado liko pale katika orodha ya wafungaji. Jumapili naipeleka Kisauni pamoja na mashine, tujaribu kama bado inasoma.