Mtoro na mpiga baruti si kesi moja

Kila doria inapokamata wavuvi wa baruti au wa kokoro, ule wavu wa kukokota uliopigwa marufuku, huku pwani, mabarazani Bagamoyo maneno huwa yaleyale. Mmoja atasema sheria ni msumeno, aliyevunja akatwe. Mwingine atajibu kwamba hata watumwa waliotoroka walivunja sheria, mbona leo tunawasifu? Jibu hilo huishia kuchekwa. Mimi naona lina uzito, ingawa wengi wanaolitumia haliwafai.

Tunapenda kuutaja mwaka 1873, Sultani Barghash alipofunga soko la watumwa la Zanzibar. Mwaka 1922 hatuutaji. Ndipo utumwa ulipofutwa kisheria Tanganyika, chini ya Waingereza. Katikati hapo kuna miaka 49! Kijana wa miaka 20 aliyekuwa akilima shamba la minazi la bwana wake soko lilipofungwa, sheria ilimkomboa akiwa na miaka 69, kama alijaliwa kufika. Wajerumani nao, waliojinadi kuwa wamekuja kukomesha utumwa, hawakuufuta. Amri yao ya 1901 ilimruhusu mtumwa ajikomboe kwa fedha na kumwachia siku mbili kwa juma afanye kazi zake. Baadaye wakaamua kwamba watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Maana yake mtoto aliyezaliwa tarehe hiyo alikuwa mtumwa, na wa kesho yake huru. Mtoro aliivunja sheria ya namna hiyo. Angesubiri mpaka lini?

Ilikuwapo njia halali, ni kweli. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walinunua watumwa na kuwapa makazi kwenye kijiji cha misheni. Maisha ya watu yaliokolewa, na hilo sitalibeza. Lakini fuata fedha ilikokwenda. Kwa kila aliyekombolewa, muuzaji aliondoka na chake mfukoni, na hakuna kilichomzuia kurudi na mwingine. Mtoro hakumwachia mtu hata senti. Mtii wa sheria, kwa nia safi kabisa, aliichangia biashara. Mvunja sheria aliinyima.

Wanaoshikilia utii wana hoja nzito kuliko ile ya msumeno. TANU ilipambana na serikali ya kikoloni bila kuvunja sheria zake kwa makusudi. Mwaka 1958 chama kilikubali pale Tabora kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Ilikuwa sheria ya dharau, lakini walishinda kwa kuitumia. Mwaka huohuo Nyerere alihukumiwa kwa kashfa. Alitakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita, akalipa. Nchi ilipata uhuru bila kumwaga damu. Hilo nalikubali, ila TANU walikuwa na kura, hata kama ni ya mizengwe. Mtumwa wa shambani hakuwa na kura, na sheria ilimhesabu mali.

Sasa mpiga baruti. Chupa ina mlipuko na utambi, inatupwa kwenye matumbawe. Samaki wachache wanaelea, wengine wanazama chini na kuoza huko. Ukimpata samaki huyo sokoni, mbonyeze kwa kidole: nyama imelegea, na ukimpasua tumboni damu imevilia. Pwani ya Tanga imeumizwa na mchezo huu kwa miaka mingi. Utetezi wa mpiga baruti ni njaa, na njaa naiheshimu. Lakini gharama anambebesha nani? Jirani yake wa ngalawa na mshipi, mwenye njaa ileile, anayekuta mwamba umekuwa kifusi. Mtoro alimnyima bwana kitu ambacho hakikuwa haki yake tangu mwanzo. Huyu anamnyang'anya maskini mwenzake, kisha anajifunika jina la mtoro.

Mwenye kokoro ndiye anayenitatiza. Halipui mwamba, mara nyingi nyavu si zake bali za tajiri aliyekaa mjini, na faini ikija inamwangukia yeye. Nipo tayari kumsikiliza akisema sheria inamwonea. Ila aanze kuniambia ni lini mara ya mwisho alikwenda kwenye kikao cha BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za bahari, cha mwalo wake, na alisema nini huko.