Wana kazi, na bado wanapanga foleni
Kuna mwandishi anayesema wanaopanga foleni ya chakula cha msaada hapa Nakuru ni watu wasio na kazi. Si kweli. Mimi huwapimia unga kanisani kwetu Kaptembwo kila Jumamosi, na wengi wana ajira: walinzi wa usiku, wapishi wa hoteli, wafagizi wa ofisi. Wiki jana mama mmoja alikuja na sare ya kazi, akaomba nusu gorogoro (kopo la kupimia) ya maharagwe, mfuko ameukunja kiganjani watu wasiuone. Mshahara unafika umeshakatwa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba na 2.75 ya SHA, bima ya afya ya serikali; kodi ya chumba na karo zinabeba kilichobaki. Ndugu zangu wa Manyatta na Nyalenda kule Kisumu, kwenu ni vivyo hivyo?