Mbuzi Asiye na Mjomba

Jumamosi tulirudi Dagoretti kutoka mashindano ya mbuzi ya watoto, mpwa wangu amenuna, na mbuzi naye amenuna. Miezi saba msichana huyu ameamka kabla ya matatu ya kwanza, anakata nyasi za nepia, anamtembeza mbuzi wake wa aina ya Toggenburg kwa kamba mpaka mnyama akajua kusimama kama askari wa gwaride.

Kundi letu lilikuwa la mbuzi wasiozidi miezi tisa. Mshindi? Mbuzi mwenye meno mawili makubwa ya mbele yaliyokwisha kubadilika! Mbuzi habadilishi meno hayo mpaka afikishe kama mwaka. Hata mimi muuza mitumba najua. Lakini jaji hakufunua mdomo wa mnyama yeyote. Alipapasa mgongo, akatazama kwato, akamtabasamia baba ya mshindi. Baadaye nikasikia kumbe jaji huyohuyo ndiye aliyewauzia beberu.

Na huyo mvulana aliyepewa kikombe! Kijana wa kazi alimshikia kamba mpaka mlangoni, akamkabidhi mbuzi kama mkoba wa shule. Mbuzi alikuwa anageukageuka tu, akimtafuta anayemlisha.

Nilipouliza nikaambiwa uamuzi wa jaji ni wa mwisho. Sawa. Basi tuonyesheni karatasi ya alama, mgongo ulipata ngapi, miguu ngapi, mtoto ajue pa kurekebisha. Karatasi hakuna. Na jaji alikuwa kashapanda gari, gari la baba ya mshindi, kama unataka kujua.